Kabla ya Roumain: Kuwasoma Upya Waandishi wa Kwanza wa Haiti

HAMISI: Karibuni tena, wasikilizaji. Dada Neema, nimekuja na ubishi. Wengi huanzia riwaya ya Haiti kwa Jacques Roumain, mwaka 1944. Waliotangulia, wanasema, waliiga Wafaransa tu.

NEEMA: Hilo linaniuma, kaka. Lawama hiyo ilipata nguvu mwaka 1928, wanajeshi wa Marekani wakiwa bado wameikalia Haiti. Jean Price-Mars aliwakaripia wasomi wenzake kwa kujifanya Wafaransa na kuzionea haya hadithi za wakulima na dini ya Vodou. Karipio lilistahili. Ila waliomfuata wakasoma kana kwamba hakuna aliyewahi kuyagusa mambo hayo.

HAMISI: Nani aliyagusa?

NEEMA: Antoine Innocent! Riwaya yake Mimola ilitoka 1906. Msichana anaugua, na nafuu inapatikana familia inaporudi kuwahudumia mizimu waliotoka nao Dahomey, Afrika Magharibi. Halafu Justin Lhérisson, ndiye aliyetunga maneno ya wimbo wa taifa. Mwaka 1905 anaandika La Famille des Pitite-Caille, juu ya mtu anayeutaka ubunge na siasa inavyommaliza. Msimuliaji anaongea na wenzake kama wazee barazani, na Krioli, lugha ya Wahaiti wa kawaida, imechanganyika humo humo na Kifaransa.

HAMISI: Kumbe ndiyo ile lodyans, hadithi ya Wahaiti ya kusimuliwa barazani?

NEEMA: Ndiyo. Kwa muda mrefu wahakiki waliiona ni vichekesho vya kupitisha wakati. Georges Anglade, aliyefariki katika tetemeko la 2010, alitetea kwamba lodyans ni sanaa kamili ya Wahaiti wenyewe. Yeye mwenyewe aliziandika.

HAMISI: Hao nakupa. Lakini riwaya ya Stella ya Émeric Bergeaud? Lugha nzito, na uhuru kauchora kama binti mzungu. Mzungu, dada, katika kitabu cha watumwa waliojikomboa!

NEEMA: Inakera, sikatai. Lakini mtazame mwandishi. Yuko uhamishoni kisiwani Saint Thomas, Karibi, amekimbia utawala wa Soulouque, mtawala wa Haiti, anafariki 1858. Mwaka unaofuata mwanahistoria Beaubrun Ardouin anaitoa Paris. Ndiyo riwaya ya kwanza ya Haiti, na inasimulia mapinduzi yale ya watumwa wa Haiti wakati Marekani bado watu wanauzwa mnadani.

HAMISI: Umuhimu wa kihistoria sawa. Nauliza utamu.

NEEMA: Utamu uko kwa wale ndugu wawili, Romulus na Rémus, mama mmoja Mwafrika. Wanagombana mpaka damu inamwagika, ndipo wanaungana. Hapo amegusa kidonda cha weusi na machotara, alichokiishi. Tangu itoke tafsiri ya Kiingereza mwaka 2015, wasomaji wa nje nao wanaijadili.

HAMISI: Bado binti yule hanikai. Na Demesvar Delorme, aliyeweka riwaya yake Francesca Italia mwaka 1872?

NEEMA: Huyo simtetei kwa ufundi. Ila kumwita msaliti kwa sababu kaandika juu ya Italia, hapana. Wafaransa waliandika juu ya nchi yoyote waliyotaka, na hakuna aliyewadai kitambulisho.