Pindua Kwanza, Jina Baadaye

Asanteni kwa kuja. Nimewaona mlivyokuwa mkiingia: mnachungulia beseni hili, mnakunja uso, mnakwenda kukaa. Mmoja wenu kaniuliza mbona sikubadilisha maji. Maji ni safi, ndugu yangu. Hicho kijani kilichotanda juu si uchafu, wala si mwani. Ni mimea ya maua inayoelea, kwa Kiingereza huitwa duckweed, ukoo mmoja na magimbi. Lile gimbi lenye jani pana kama mwavuli na hivi vidude vinavyoweza kupita kwenye tundu za chujio, wote ni wa familia ya Araceae.

Tatizo letu leo ni kuvitambua. Mmea wa kawaida una shina, jani, ua, tunda, kwa hiyo mtambuzi ana pa kushika. Hawa wamevua karibu kila kitu. Kile mnachokiita jani si jani hasa. Ni mwili mzima, shina na jani vimeyeyukiana, na wataalamu wanauita frondi. Frondi ina kifuko pembeni, na humo huchipua mtoto, ambaye naye huwa ameshabeba mimba kabla hajaachana na mama. Maua yapo, ila huonekana mara chache mno. Ukisubiri ua ndipo utaje jina, utazeeka ukingoni mwa bwawa.

Basi tunaanzia wapi? Chini. Kila anayeanza huangalia juu, anapima upana, anasema "hiki kikubwa, hiki kidogo", na hapo ndipo anapopotea, maana frondi yenye njaa hudumaa. Chota kidogo, weka kwenye kisahani cheupe chenye maji, kisha ipindue frondi moja kwa ncha ya sindano. Hesabu mizizi.

Hii hapa. Mnaona ule wekundu wa zambarau tumboni? Na mizizi imekusanyika sehemu moja kama ndevu. Hii ni Spirodela polyrhiza, kubwa kuliko jamaa zake wote, hufika hata milimita 10. Mizizi yake mara nyingi ni 7 au zaidi. Mkikuta miwili hadi 7 hivi kwenye frondi nyembamba zaidi, fikirieni Landoltia. Hiyo zamani ilihesabiwa kuwa Spirodela, mpaka mwaka 1999 wanabotania Les na Crawford walipoitenga na kuipa jina la Elias Landolt, yule Mswisi wa Zürich aliyetumia maisha yake juu ya mimea hii. Mzizi mmoja tu, hiyo ni Lemna. Hakuna mzizi kabisa: Wolffia, au Wolffiella ikiwa ni bapa na ndefu kama kipande cha utepe.

Rahisi, sivyo? Ngojeni kidogo. Mizizi hukatika. Lemna iliyokwanguliwa na wavu huja mikononi mwako haina mzizi hata mmoja, na wewe kwa furaha unaandika Wolffiella. Tena frondi hukaa kwa makundi, mama na watoto wameshikana. Ukihesabu mizizi ya kundi zima utaipa Lemna mizizi minne. Tenganisha kwanza. Hesabu frondi kumi, si moja.

Ndani ya Lemna kwenyewe kuna kazi. Inyanyue frondi kwenye mwanga, tazama mishipa kwa lenzi ya kukuza mara 10. Lemna minuta ina mshipa mmoja, Lemna minor kwa kawaida mitatu. Lemna gibba hujulikana kwa kitambi: chini imefura vifuko vya hewa, ukiibonyeza inahisi kama sifongo. Lakini kitambi hicho hutegemea hali. Yapo mazingira ambamo gibba hubaki bapa kabisa, na hapo mimi mwenyewe siapi. Wanaodhani lenzi inatosha, nawapa habari ya Lemna japonica: kwa miaka mingi ilihesabiwa spishi kamili, hadi mwaka 2021 vipimo vya DNA vilipoonyesha kuwa ni chotara wa Lemna minor na Lemna turionifera. Hakuna jicho lililokuwa limeliona hilo kwa uhakika.

Wolffia ninaipenda kuliko zote, na imenitia aibu kuliko zote. Ukiishika mkononi unahisi chembechembe kama mchanga laini, nyingine hazifiki milimita moja. Humu ndimo iliko mimea ya maua midogo kuliko yote duniani. Ua lake limo katika kishimo mgongoni mwa frondi, stameni moja (kiungo cha kiume) na pistili moja (kiungo cha kike), basi. Nilipokuwa mwanafunzi niliikausha katikati ya magazeti kama mmea mwingine wowote. Baada ya wiki nikafungua, nikakuta vumbi la kijani, nikalipiga chafya likaisha. Siku hizi naiweka katika alkoholi ya asilimia 70, lakini alkoholi hufuta rangi, kwa hiyo andika rangi ungali ukingoni. Na itazame kwa ubavu, si kwa juu tu: mgongo bapa au wa mviringo ni jambo kubwa katika kutenganisha spishi.

Sasa, wadanganyifu. Azolla huelea hapohapo pamoja na Lemna, na watu huzichanganya kila siku, ilhali Azolla ni jamaa wa kangaga, haina ua wala mbegu. Majani yake yamepandana kama magamba ya samaki, na kwenye jua kali huwa mekundu. Ndani ya jani mna tundu, na tunduni wanaishi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Salvinia nayo ni kangaga. Inaota majani matatumatatu: mawili yanaelea, la tatu limechanikachanika na kuning'inia majini likijifanya mizizi. Haina mzizi wa kweli hata mmoja, kwa hiyo kanuni yangu ya kuhesabu mizizi hufa hapo. Angalieni vinyweleo juu ya jani kabla hamjahesabu chochote.

Haya, sogeeni. Visahani vitatu, sindano, lenzi. Viwili nimeshavitaja. Cha tatu nilikichota leo asubuhi nami sijakipindua bado.