Kukokotoa Fidia ya Saratani ya Asbesto: Hesabu Ianze na Miaka Aliyonyimwa Mgonjwa

Mhadhara kwa viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi na wanafunzi wa sheria, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa matawi, wanafunzi wangu, mabibi na mabwana, hamjambo.

Asbesto mnaijua. Wengi wetu tumesoma chini ya mapaa yake, na wapo mafundi wa breki waliopuliza vumbi lake kwa kompresa miaka nenda miaka rudi bila hata kitambaa puani. Kwamba inaleta saratani ya mapafu, na mesothelioma, ile saratani ya utando unaozunguka mapafu, hakuna daktari anayebisha tena. Huko sitakaa. Nimekuja kwa ajili ya hesabu.

Kila ninapoitwa kuzungumza naulizwa swali lile lile: "Wakili, saratani ya asbesto inalipwa shilingi ngapi?" Jibu langu halijabadilika. Saratani haina bei. Kinacholipwa ni hasara, na hasara ni ya mtu huyu, mwenye umri huu, mshahara huu, mke huyu na watoto hawa. Wafanyakazi wawili wa karakana moja, ugonjwa mmoja, wanaweza kupewa fidia zinazopishana mara tatu na hakimu asiwe amemwonea yeyote.

Sasa tazameni hati za madai tunazoandika. Kurasa nne za majonzi, halafu mstari mmoja: mdai anaomba shilingi milioni mia tano kwa maumivu na mateso. Basi. Mshahara haumo. Risiti za dawa hazimo. Umri wa watoto haumo. Halafu mahakama ikitoa kidogo tunalalamika kwamba jaji hana huruma! Jaji afanye nini? Tangu Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, mwaka 1992, Mahakama ya Rufani imetuambia waziwazi kwamba fidia maalum lazima itajwe mahsusi na ithibitishwe. Nauli ya kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road ni fidia maalum. Dawa ni fidia maalum. Mshahara uliokwisha kupotea hadi siku ya hukumu ni fidia maalum. Ukivitupa vyote kwenye kapu la maumivu, umemwambia jaji akisie, naye atakisia chini.

Lakini fungu kubwa kuliko yote ndilo linalosahauliwa kuliko yote, na hapo naomba mnivumilie, maana hapa huwa nachukua muda.

Kuna kesi ya Uingereza inayoitwa Pickett dhidi ya British Rail Engineering. Huyu bwana alikuwa akiunda mabehewa ya reli na kuvuta vumbi la asbesto kazini tangu 1949. Alikuwa mtu wa mazoezi, mwendesha baiskeli hodari, hakuvuta sigara. Mwaka 1974 akaanza kuishiwa pumzi. Kesi iliposikilizwa mwaka 1976 alikuwa na umri wa miaka 53, na madaktari wakasema amebakiza kama mwaka mmoja. Kama si vumbi lile, angefanya kazi hadi miaka 65.

Sheria ya wakati ule ilisema hivi: fidia ya mapato inahesabiwa kwa muda ambao mdai atakuwa hai. Amebakiza mwaka mmoja? Basi alipwe mshahara wa mwaka mmoja. Akapewa pauni kama 1,500 hivi kwa mapato, na pauni 7,000 kwa maumivu. Ile miaka mingine ambayo angefanya kazi na kulisha nyumba yake ikahesabiwa sifuri, kwa hoja kwamba maiti hana matumizi.

Hebu fuateni mantiki hiyo hadi mwisho wake. Mwajiri akimjeruhi mfanyakazi, analipa sana. Akimuua taratibu, analipa kidogo. Na kwa sheria ile, mgonjwa akishapata hukumu yake akiwa hai, mjane hawezi kufungua madai mengine baadaye kwa kifo kile kile. Kwa hiyo mgonjwa alikuwa na njia mbili: adai sasa, familia ikose, au afe kimyakimya bila kudai, ili mkewe aje kudai. Mtu anayepigania pumzi anapewa uchaguzi wa namna hiyo!

Bwana Pickett alifariki miezi michache baada ya hukumu. Mjane wake akaendelea na rufaa, na Novemba 1978 Baraza la Malordi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule, likasema: miaka aliyonyimwa nayo ina thamani. Alipwe mapato ya miaka hiyo, ukishatoa kile ambacho angetumia yeye mwenyewe kwa chakula chake, mavazi yake na nauli yake.

Nawasikia wanafunzi wakinong'ona kwamba hukumu ya Uingereza ya 1978 haiifungi mahakama yetu. Kweli, haiifungi. Inashawishi. Lakini haiwezi kumshawishi jaji ambaye hakuisikia, na jaji hataisikia kama wewe hukuileta. Itajeni kwenye hati za madai. Itajeni kila mara.

Chukueni kalamu. Tuseme fundi ana miaka 50, mshahara wake ni shilingi 600,000 kwa mwezi, amebakiza mwaka mmoja wa kuishi, na angestaafu akiwa na miaka 60. Mshahara wa mwaka ni 7,200,000. Mwaka huu ambao yupo hai, adai wote. Inabaki miaka 9 aliyonyimwa. Tuchukulie theluthi ya mshahara alikuwa akiitumia mwenyewe, yaani 2,400,000. Familia ilikuwa ikibaki na 4,800,000 kwa mwaka. Je, tunazidisha kwa 9? Mahakama kwa kawaida hukataa, kwa sababu fedha inalipwa yote kwa mkupuo, inaweza kuwekezwa ikazaa, na pia mtu angeweza kufa au kuachishwa kazi kabla ya miaka 60. Kwa hiyo kizidishio hushuka. Tuseme jaji amekubali 7. Mara 4,800,000, tunapata 33,600,000. Ongeza 7,200,000 ya mwaka wa uhai: 40,800,000. Hiyo ni kabla ya dawa, kabla ya maumivu, kabla ya uuguzi. Kwa hesabu ya zamani angeondoka na milioni saba na ushee.

Na hicho kizidishio msikikubali kichwakichwa. Wakili wa kampuni atasimama na kusema fedha ikiwekwa benki itazaa sana, kwa hiyo kishushwe hadi 4. Mwulizeni: bei ya unga je? Ada za shule je? Kinachotakiwa kupimwa ni faida inayobaki baada ya kuondoa mfumuko wa bei. Uingereza na Wales wameweka kiwango rasmi cha faida hiyo, ambacho ndicho kinachotumika kushusha kizidishio. Mwaka 2001 kilikuwa asilimia 2.5. Mwaka 2017 kikashushwa hadi hasi 0.75, kisha 2019 hasi 0.25, na Januari 2025 kikapandishwa hadi 0.5. Hasi maana yake kizidishio kinaweza kuizidi idadi ya miaka yenyewe. Kwa hiyo anayewaambia kwamba kizidishio ni lazima kiwe kidogo, mwambieni alete hesabu yake mezani.

Kuna hoja nyingine inanikera, nayo nitaijibu kabla haijaulizwa: "Mama huyu alikuwa wa nyumbani tu, hana mapato ya kukokotoa." Mama huyu alifua ovaroli za mumewe zilizojaa vumbi, na kwa njia hiyo hiyo wanawake wengi duniani wamepata mesothelioma bila kukanyaga kiwandani. Leo hayupo. Nani anapika? Nani anamwogesha mjukuu? Nani anamwangalia mkwe aliyepooza? Ulizeni mshahara wa msaidizi wa kazi za ndani hapa mjini, chakula chake na malazi yake, zidisheni kwa miezi na miaka. Uuguzi nao hivyo hivyo. Binti aliyeacha genge lake miezi minane ili amwuguze baba yake ametoa kazi yenye thamani, hata kama hakumdai baba yake senti. Mwandikeni kwenye hati.

Sigara. Watasema marehemu alivuta. Kwanza, jueni ni saratani gani. Sigara haisababishi mesothelioma. Hapo hoja hiyo haina mahali pa kusimama. Kwa saratani ya mapafu ni kweli kwamba sigara na asbesto vikikutana hatari inaongezeka sana, na fidia inaweza kupunguzwa. Katika kesi ya Badger dhidi ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, mwaka 2005, ilipunguzwa kwa asilimia 20. Ishirini. Haikufutwa.

Sasa ushahidi. Ugonjwa huu kwa kawaida hujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya mtu kuvuta vumbi. Kampuni imeshauzwa, meneja ameshakufa, daftari la mahudhurio limeliwa na mchwa. Mtathibitishaje kwamba mzee alikuwa pale mwaka 1984? Nendeni NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, mkaombe taarifa ya michango. Kumbukeni kabla ya 1997 ulikuwa mfuko wa NPF, na wazee wengi bado wana kadi zake kwenye masanduku. Tafuteni barua ya ajira, slipu za mshahara, picha ya sherehe ya Mei Mosi yenye nguo za kazi. Tafuteni wenzake wawili walio hai na muwaapishe sasa hivi, maana nao wamezeeka. Na yeye mwenyewe, siku anapopewa majibu ya kipande cha nyama kilichokatwa mwilini na kupimwa, aandikiwe maelezo kabla sauti haijakata: alifanya kazi wapi, alikata nini, vumbi lilikuwaje, nani alikuwa msimamizi. Viongozi wa matawi, kazi hiyo ni yenu. Wakili huja mzee akiwa amekwisha zikwa.

Kwa wale walio kwenye ajira rasmi, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, nao hukokotoa mafao kwa kuangalia mshahara. Mwajiri anayeandika mshahara mdogo kuliko anaolipa ameshakata fidia ya mfanyakazi kabla hajaugua. Kagueni hilo leo, mkiwa wazima.

Naona nimebakiwa na dakika chache, kwa hiyo haya nayapitia mbio. Muda wa ukomo: madai ya madhara kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, ni miaka 3. Msikae matanga mwaka mzima. Waajiri wengi: mzee akiwa amepitia karakana tatu na haijulikani nyuzi za wapi ndizo zilizomuua, someni kesi ya Uingereza ya Fairchild, 2002, mahakama ilikataa kumwacha mgonjwa aanguke katikati ya waajiri. Madai ya wategemezi wa marehemu: someni sheria ya Sura ya 310. Hilo lilistahili mhadhara wake.

La mwisho, nani analipa. Mnaweza kukokotoa vizuri mkakosa mtu wa kumdai. Kampuni ya Johns-Manville ya Marekani iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 1982 ili kukabili mafuriko ya kesi, na ukaundwa mfuko wa kulipa wagonjwa. Kwenye jedwali la mfuko huo mesothelioma imeandikwa dola 350,000. Lakini wagonjwa ni wengi kuliko fedha, na mfuko uliwahi kufika mahali pa kulipa asilimia 5.1 tu ya kiasi hicho. Pigeni hesabu: dola 17,850. Na jirani zetu wa Afrika Kusini, wachimbaji na majirani wa migodi ya asbesto ya kampuni ya Cape ya Uingereza, walishinda mwaka 2000 haki ya kuishtaki London kwenyewe. Mwaka 2001 wakaahidiwa pauni milioni 21. Kampuni haikulipa. Mwaka 2003 ikatoa pauni milioni 7.5, nao walikuwa watu kama 7,500. Gawanyeni wenyewe.

Ndiyo maana nawaomba, kabla ya kufungua shauri, fanyeni upekuzi BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, mjue kampuni ni ya nani sasa, mali yake iko wapi, na bima ya miaka ile ilikatwa wapi. Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti. Naomba maswali yaanzie kwa wafanyakazi, wanafunzi wangu watanipata darasani.