Mbunge Wako Alipiga Kura Gani?

Hamjambo nyote, na asanteni kwa kufika licha ya foleni ya Jogoo Road.

Ukimuuliza mkazi wa Nairobi mbunge wake amefanya nini, atakutajia basari, madarasa na taa za mulika mwizi. Hayo hulipiwa na NG-CDF, hazina ya serikali ya maendeleo ya maeneobunge, ambayo Mahakama Kuu iliamua Septemba 2024 kwamba sheria yake inakiuka Katiba. Leo hatuzungumzii basari. Tunazungumzia kazi aliyotumwa pale Parliament Road: kutunga sheria.

Tuanze na kura, maana hapo ndipo wengi hupotea. Kura nyingi bungeni hazina majina. Spika anauliza kama hoja ikubaliwe, wanaokubali wanasema "Ndiyo", wanaopinga wanasema "La", naye anaamua kwa sikio upande gani umeshinda. Hansadi, yaani rekodi rasmi ya mijadala ya Bunge, itaandika tu kwamba hoja imeulizwa na kukubaliwa. Kutoka hapo huwezi kujua mbunge wa Kamukunji au wa Kibra alisema nini, wala kama alikuwa ukumbini au mkahawani. Majina huandikwa pale Katiba inapotaka idadi maalumu, au wabunge wanapopinga uamuzi wa Spika na kudai kura ihesabiwe. Katika Bunge la Kitaifa, dai hilo lazima liungwe mkono na wabunge 30 wanaosimama. Kwa hiyo mtu akikuambia "mbunge wetu alipinga", muulize kwanza: majina yalichukuliwa siku hiyo?

Swali la pili ni kura ya hatua gani. Mswada ukisomwa mara ya kwanza haujadiliwi. Huenda kwa kamati, kamati inasikiliza wananchi kama kifungu cha 118 cha Katiba kinavyotaka, kisha unarudi kusomwa mara ya pili. Hapo wabunge wanaamua kama wanaukubali kwa jumla. Baadaye wanakaa kama Kamati ya Bunge Zima kurekebisha kifungu kimoja kimoja, halafu unasomwa mara ya tatu. Mbunge anaweza kusema ndiyo mara ya pili na la mara ya tatu, na akija mtaani atakuonyesha ile kura inayokupendeza. Chukueni Mswada wa Fedha wa 2024. Tarehe 20 Juni, mara ya pili, waliounga mkono walikuwa 204 na waliopinga 115. Tarehe 25 Juni, mara ya tatu, 195 waliunga mkono, 106 walipinga, na kura tatu ziliharibika. Hizo ni orodha mbili tofauti, lakini picha za majina zinazozunguka WhatsApp mara nyingi hazisemi ni ya siku gani.

Sasa hesabuni tena hiyo ya 25 Juni: 195, 106 na 3 ni 304. Bunge la Kitaifa lina viti 349 bila Spika. Hata ukiondoa viti vilivyokuwa wazi, wapatao 40 hawakupiga kura. Kutokuwepo nako ni kura, ila uzito wake hubadilika. Mswada wa kawaida hupita kwa wingi wa waliopo wanaopiga kura; anayekwepa hapo anaurahisishia kazi upande wenye nguvu. Lakini kurekebisha Katiba kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, yaani 233. Hapo kiti kitupu kina nguvu sawa na "La", na mwenyewe hajulikani kuwa amepinga. Mswada wa kutekeleza kanuni ya theluthi mbili ya jinsia, yaani jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti, uliangukia hapo Februari 2019: wabunge 174 pekee ndio waliokuwa ukumbini. Hakuna aliyelazimika kusimama kuwaambia wanawake wa eneobunge lake kwamba anaukataa. Ndiyo maana ukitafuta waliopinga pekee, wajanja watakuponyoka. Andika safu tatu kwenye daftari lako: ndiyo, la, hakuwepo.

Miswada nayo ina mtego wake. Kuhesabu jina la nani limeandikwa juu ya mswada hakusaidii sana, kwa sababu miswada ya serikali huletwa na Kiongozi wa Walio Wengi. Kwa hesabu hiyo yeye angekuwa mchapakazi kuliko wote kila mwaka. Mbunge wa kawaida huanza na pendekezo. Likigusa pesa za umma, kifungu cha 114 kinataka liendelee kulingana na ushauri wa kamati husika baada ya maoni ya Waziri wa Fedha, na mengi hulala usingizi wa pono hapo. Likivuka, huchapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali na kuwa mswada. Ukihusu kaunti, lazima Seneti nayo iupitishe. Muhula wa Bunge ukiisha kabla haujakamilika, unaanguka. Kwa hiyo bango la kampeni likisema "miswada kumi", uliza mingapi ni mapendekezo, mingapi imechapishwa, na mingapi imetiwa sahihi na Rais. Hoja msizichanganye humo kabisa. Hoja inaomba tu, haiwi sheria.

Mimi ningetazama zaidi marekebisho ya vifungu, na kazi ya kamati. Ripoti za kamati huambatishwa kumbukumbu za mikutano, zenye orodha ya waliohudhuria. Hazisomwi na watu wengi, na hapo ndipo uvivu huonekana wazi.

Tuje kwenye pesa za kampeni. Sheria ya Ufadhili wa Kampeni ipo tangu 2013. Inataka akaunti maalumu ya benki, viwango vya juu vya matumizi, na kuripoti michango. IEBC, tume ya uchaguzi, ilitangaza viwango Agosti 2021, cha urais kikiwa shilingi bilioni 4.4. Bunge la Kitaifa likazikataa kanuni za kutekeleza viwango hivyo, na uchaguzi wa 2022 ukafanyika bila kikomo. Yaani wachezaji ndio waliomkatalia refa filimbi.

Kwa hiyo hakuna orodha ya wafadhili wa mbunge wako unayoweza kufungua na kusoma. Hesabu za vyama hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu, lakini hizo ni za chama, si mfuko wa mgombea. Kinachobaki ni kuunganisha vipande: fomu ya CR12, inayoombwa kupitia eCitizen, huonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni, tovuti ya serikali ya zabuni huonyesha nani alipata kazi gani. Linganisha tarehe na kura. Kifungu cha 122 kinamkataza mbunge kupigia kura jambo ambalo ana maslahi ya kifedha ndani yake. Ila kuweni waangalifu: zabuni na kura kufuatana si ushahidi wa hongo. Ni sababu ya kuuliza.

Na kuuliza kuna njia yake. Andika barua kwa Karani wa Bunge la Kitaifa chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Taja mswada, tarehe ya kikao na hati unayotaka; ukiandika "rekodi yote ya mbunge" unawapa sababu ya kukuzungusha. Wana siku 21 kujibu. Wakikataa, unapeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, kwa hiyo baki na nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa.