Aliyechelewa Anakuta Nini? Krismasi za Nyumbani Zinapokutana Darasani

Shikamooni wazee, walimu wenzangu habari za saa hizi. Asanteni kwa kuja Jumamosi yote hii, najua wapo walioshuka kutoka Monduli alfajiri. Nimeombwa niongelee ule mradi wetu wa watoto kubadilishana mtandaoni habari za Krismasi ya majumbani kwao na darasa la nchi nyingine, na nitaongea kama tunavyoongeaga stafurumu, mtanivumilia.

Mwaka wa kwanza tuliharibu na kosa lilikuwa langu. Niliwaambia kidato cha tatu andikeni insha, "Krismasi Tanzania", basi, wakaandika, nikakusanya, nikatuma kwa wenzetu wa Poland. Nilipokaa kuzisoma vizuri tayari zimeshaenda. Karibu zote zina yule mzee wa ndevu nyeupe na gunia lake, zina mti wa taa, na mbili zina theluji, theluji Arusha jamani, Desemba hii ya jua kali! Na mtoto ameandika kwa uhakika kabisa maana ndiyo Krismasi anayoiona kwenye katuni, akaona hiyo ndiyo inayofaa kumpa mgeni, ile ya kwao ya migombani akaificha. Mimi iliniuma sana hiyo. Mtoto anaamini nyumbani kwao hakuna kitu cha kusimulia.

Wenzetu wakajibu kwa adabu, asanteni, nzuri, basi. Wao walikuwa wametuma ya kwao. Kule sikukuu kubwa ni jioni ya tarehe 24 Desemba, wanaiita Wigilia. Hawali mpaka nyota ya kwanza ionekane na watoto ndio wanaosimama dirishani kuitafuta, mezani kwa desturi vyakula ni 12 na nyama hakuna, samaki ndiye mkubwa wa meza, chini ya kitambaa wanatandaza nyasi kavu kidogo kukumbuka hori la Bethlehemu. Halafu inawekwa sahani moja ya ziada, na kiti, kwa ajili ya mgeni ambaye hakuna aliyemwalika, akitokea tu anakuta pake papo. Chini kabisa ya barua yao msichana mmoja akaongeza swali moja. Kwenu aliyechelewa anakuta nini?

Nikalisoma darasani. Kimya. Sasa kuna kijana mmoja pale huwa haongei, wa kwao ni Marangu ila wanaishi hapa mjini, baba yake ni dereva wa basi la Dar. Nyie mnajua Desemba ya huku ilivyo, watu wanarudi kwao Kilimanjaro kama vile Dar imehamishwa, abiria wanajaa mpaka LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, inatoa vibali vya muda kwa mabasi ambayo hata siyo ya njia hii. Yaani baba wa huyu kijana ndiye anayewaleta baba za wenzake nyumbani, yeye mwenyewe tarehe 25 yuko barabarani. Kijana akanyoosha mkono akasema, kwetu bibi anatenga fungu la baba. Mbuzi akichinjwa tu, kabla hata watu hawajapewa supu, fungu la baba linatoka linaninginizwa juu ya meko lipate moshi, linakaa siku tatu, nne, na hata waje wageni wangapi halipunguzwi. Baba akifika anawashiwa moto upya, na wote mnakaa naye kama ndiyo Krismasi yenyewe.

Tulirekodi kwa simu yangu, dakika mbili na nusu, jogoo anawika huko nyuma, tukatuma hivyo hivyo. Majibu yaliyorudi siku ile sijawahi kuyaona kwenye insha yoyote, maswali zaidi ya ishirini, nyama haiharibiki? Na baba asipofika kabisa? Bibi akifariki nani atatenga?

Tangu hapo nina sheria moja tu kwenye huu mradi, hakuna kuandika kabla hujamuuliza mtu mzima wa kwenu, swali dogo na la karibu. Usiulize "mila zetu ni zipi", bibi atakujibu kwa jumla jumla tu kama anahojiwa na redio. Uliza bibi, kwa nini wewe hukai mezani mpaka fulani amekaa, au hii ndizi kwa nini inapikwa leo na siyo juzi. Ndipo vinaanza kutoka vitu. Watoto wa Meru wakaja na loshoro, mahindi na maziwa mgando, wakabishana wenyewe kwa wenyewe mama wa nani anaipatia. Mwingine akajifunza mbege, ile pombe ya ndizi ya Wachagga, inavyoanza siku nyingi kabla, ndizi zinaivishwa, zinachemshwa, zinaachwa, halafu unakuja ulezi, akatuambia kumbe Krismasi ya kwao inaanza mwanzoni mwa Desemba, mimi nilidhani inaanza tarehe 24.

Lakini kilichonigusa zaidi ni isale. Kuna binti aliuliza kwa nini kila mwaka kabla ya kula wajomba zake wanajifungia chumbani na babu. Akaambiwa wale wawili waligombana kwa sababu ya mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na mwaka ule mdogo alikuja na jani la isale. Kwa Wachagga ukinijia na isale kuomba msamaha mimi siwezi kukukatalia hivi hivi, jani lenyewe limeshaongea. Sasa Poland wana kitu wanaita opłatek, mkate mwembamba sana kama hostia, kabla ya chakula kila mmoja anaenda na kipande chake kwa mwenzake, huyu anamega cha yule na yule cha huyu, wanatakiana heri, na kama kuna kinyongo hapo ndipo pa kukimaliza. Watoto walikaa na hivyo vitu viwili, jani na mkate, vipindi viwili vizima. Mwanafunzi wangu mmoja wa kike akagundua tofauti ambayo mimi sikuiona: isale analeta mkosaji, opłatek anao kila mtu, hata ambaye hajakosa. Wakauliza kule, sasa kwenu mtajuaje nani ndiye anayeomba? Mtoto wa kule akajibu, hatujui, na mama anasema ndiyo maana bibi aliweza. Hicho ndicho ninachokiita kulinganisha. Siyo zile jedwali za wao wana hiki, sisi tuna kile, halafu tunapiga mstari.

Na samaki nisiwasahaulishe. Kuna familia kule, zamani zaidi kuliko sasa, zilikuwa zinamnunua samaki kabla ya sikukuu akiwa hai zinamweka kwenye beseni la kuogea, watoto wanampa jina, halafu siku inafika. Darasa langu zima likapiga kelele, maana nani hapa hajawahi kumlisha mbuzi wa Krismasi majani kwa mkono wake?

Mtaniuliza, na watoto Waislamu? Kwangu ni zaidi ya robo ya darasa. Hawa usiwaweke pembeni na usiwalazimishe, wao ni mashahidi wazuri sana, wanaiona Krismasi ya jirani kwa jicho ambalo mwenyewe hana. Mmoja aliandika habari za sahani inayovuka uzio Krismasi ikija na pilau, na Idi inarudi uzio ule ule, na kwamba mama hairudishi tupu hata siku moja. Ilijibiwa kuliko zote.

Haya, mambo ya vitendo haraka haraka. Shule zetu zinafunga mapema Desemba kwa hiyo anzeni Novemba, na epukeni kidato cha pili na cha nne wana mitihani ya taifa. Kuonana laivu kwenye skrini ni kuzuri mara moja tu kwa salamu, umeme ukikatika mnabaki mnaangaliana na projekta, sauti zilizorekodiwa zinakula bando dogo na mtoto anaweza kurudia akikosea. Saa, angalieni saa! Kuanzia mwisho wa Oktoba Poland iko nyuma yetu masaa mawili, kabla ya hapo ni moja, na mtoto wetu akitafsiri saa nne asubuhi akaandika 4 mtasubiriana mpaka kesho. Mwenzetu anayefanya na Ethiopia hana hiyo shida, wale wanahesabu saa kama sisi, ila Krismasi yao ni tarehe 7 Januari kwa kalenda ya kanisa lao, na wanaifikia baada ya kufunga siku 43. Picha na sauti za watoto ombeni ruhusa ya wazazi kwa maandishi, sheria ya taarifa binafsi ya mwaka 2022 ipo na inafanya kazi.

La mwisho. Mwaka jana tukiwa katikati ya hayo nikawauliza watoto kama wanajua Wapoland waliwahi kula Krismasi hapa hapa kwetu. Hakuna aliyejua, hata wa Usa River anayepita pale kila siku. Mwaka 1942, wakati wa vita, waliletwa Tengeru wakimbizi karibu 5,000, wengi wanawake na watoto, waliokuwa wamepelekwa Siberia kwa nguvu na Wasovieti, wakapitia Iran mpaka huku. Wakakaa chini ya Mlima Meru mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakajenga shule, wakajenga kanisa, na makaburi yao yapo mpaka leo, karibu 150. Tukapanda daladala tukaenda. Watoto wakazunguka wanasoma majina kwa shida, na yule kijana wa fungu la baba akaniuliza, mwalimu, hawa samaki wao walimtoa wapi, na ile sahani walikuwa wanamwekea nani, maana hapa wageni ni wao?

Tulirekodi swali pale pale makaburini tukalituma Jumatatu. Darasa la kule nalo lilikuwa halijui chochote kuhusu Tengeru. Wamesema tuwape muda, wanamtafuta bibi aliyekulia huku wakamuulize.