Matonge Hayanyooshi Sakafu

DADA: Haya, tumerudi. Leo tunaanza na ujumbe wa sauti wa msikilizaji wetu wa Kigamboni. Kanunua vigae vya sebuleni, vile virefu vya sentimita 60 kwa 120, ila jamvi lake, yaani sakafu ya zege, lina mabonde. Anasema ukimwaga maji yanatuama katikati ya chumba. Fundi wake kamwambia asihofu, "tutanyanyua na matonge." Mwenzako huyo, kaka.

FUNDI: (anacheka) Mwenzangu kweli, ila hapo simo. Matonge ni hivi: unaweka donge la mchanganyiko kila pembe na moja katikati, unalaza kigae, unagonga na nyundo ya mpira mpaka pima maji ikubali. Juu pamenyooka. Chini hewa tupu.

DADA: Sasa hewa ina ubaya gani? Sebuleni hapapiti gari.

FUNDI: Pana miguu ya kabati, pana mtoto anaangusha mchi. Vigae hivi vya poseleni ni vigumu, lakini pembe isiyo na kitu chini yake inakatika. Gonga na sarafu: penye gundi sauti nzito, penye hewa panalia kama kopo. Viwango vya Marekani vinataka gundi ishike angalau asilimia 80 ya mgongo wa kigae sehemu kavu, bafuni na nje 95. Matonge matano, mara nyingi hata nusu hayafikishi.

DADA: Na bonde, limezidi likiwa kiasi gani?

FUNDI: Chukua rula ya alumini, ile ndefu ya kupigia plasta, ilaze chini, izungushe kila upande, uangalie mwanga unapita wapi. Viwango hivyo hivyo, kigae chenye upande wa sentimita 38 au zaidi, vinaruhusu milimita 3 tu ndani ya mita 3. Enzi za 30 kwa 30 ulikuwa unasamehewa, maana kila kigae kinafuata kibonde chake. Hiki cha 120 hakipindi. Kinakalia vilele viwili, pembe yake inachomoza juu ya jirani, na wewe unapita pekupeku usiku na kidole chako.

DADA: Kwa hiyo sakafu yote iwe levo?

FUNDI: Wala. Inaweza kulala kidogo kuelekea mlangoni na vigae vikakaa vizuri kabisa. Mbaya ni bonde na kichuguu.

DADA: Na zile klipu za plastiki na kabari zake? Naona mafundi vijana hawaachi.

FUNDI: Hata mimi sianzi kazi bila hizo. Ila klipu inashikilia kingo mbili zisipishane wakati gundi inakauka, basi. Bonde haijazi. Ukilazimisha, kabari inavuta kigae juu, gundi inaachia chini, umerudi kwenye hewa ile ile, tena umenunua klipu.

DADA: Haya, mpe njia.

FUNDI: Vichuguu visagwe kwa grainda yenye diski ya almasi. Bonde lenye kina, chokoa zege liwe na makwaruzo, fagia vumbi lote, lowesha, paka uji wa simenti. Kabla uji haujakauka, jaza simenti ndoo moja kwa mchanga ndoo tatu, vuta na rula. Mwagilia siku kadhaa, kisha uache pakauke. Ila pale penye milimita tano tu, mchanga na simenti vitabanduka. Hapo ni praima, ile dawa ya kushikisha, na ule unga unaochanganywa na maji ukajisawazisha wenyewe. Bei imechangamka, najua.

DADA: Ndiyo maana mafundi wanakwepa?

FUNDI: Tusidanganyane, dada. Fundi analipwa kwa mita ya mraba ya kigae kilicholazwa. Kusaga na kujaza hakuna aliyekutaja kwenye bei, kwa hiyo anaficha na matonge. Msikilizaji amwambie: kunyoosha sakafu bei yake, kulaza vigae bei yake. Mimi sipokei kazi ya vigae vikubwa bila kutenganisha.

DADA: Na kabla ya kulaza, mabeseni ya maji ya kulowekea tuandae?

FUNDI: Hapana! Hayo yalikuwa ya vigae vya ukutani vinavyokunywa maji. Poseleni hainywi hata asilimia 0.5, maji yatabaki mgongoni yaharibu gundi. Futa vumbi tu. Gundi chini kwa mwiko wa meno ya milimita 10 au 12, mistari yote upande mmoja, na mgongo wa kigae upake tabaka jembamba. Kila baada ya muda nyanyua kimoja uchungulie kama gundi imeenea.

DADA: Mwenyewe anataka vipishane nusu kwa nusu, kama tofali.

FUNDI: Achukue viwili, avikutanishe uso kwa uso. Vingi vimebinuka kidogo katikati. Ukipisha nusu, kilele cha katikati cha kimoja kinakutana na ncha ya kingine. Isizidi theluthi.

DADA: La mwisho, milango. Anasema imeshafungwa yote.

FUNDI: Kigae na gundi vinaweza kula sentimita mbili, bado hujahesabu alipojaza. Aite seremala akate milango chini kabla hajafungua boksi hata moja.