Kijana Asiye na Kadi ya Chama Akagombee Wapi?

Wazee wangu, shikamooni. Vijana wenzangu wa Ngamiani, hapa Tanga, habari za jioni.

Mada niliyopewa ni pana: vijana, siasa na haki. Wanaonijua wanajua naelekea wapi. Naelekea kwa mgombea binafsi, yaani mtu anayeomba kura bila kuletwa na chama. Nimeshalisema hili Chumbageni, nimelisema Muheza, nimelisema hata msibani kule Pangani mpaka mzee mmoja akanishika mkono, tukaenda kulimalizia nje. Na nitaendelea kulisema.

Ya kwamba vijana tuna hasira sihitaji kuwahadithia. Mtu ana shahada ya ualimu, yuko kijiweni Barabara ya 8 na bodaboda ya mkataba. Mnamwona kila siku. Ninachouliza ni hiki: kijana huyo akiamua kuacha kulalamika, akataka kuomba kura kwa majirani zake, sheria inampa nafasi gani?

Fungueni Katiba. Ibara ya 5 inasema ukitimiza miaka 18 unapiga kura. Ibara ya 20 inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote. Vizuri sana. Sasa nendeni ibara ya 67, sifa za mbunge: awe na miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Za Rais ziko ibara ya 39, na sharti la chama limo humo humo. Udiwani vivyo hivyo. Hata mwenyekiti wa mtaa, huyu tunayemfuata atugongee muhuri wa barua ya utambulisho, lazima aletwe na chama. Yaani ibara moja inakataza nisilazimishwe, na ibara nyingine inaniambia bila kadi kaa pembeni.

Nitawapa kisa, na waliokwisha kukisikia wanivumilie, maana nitakisema chote.

Kuna dada mmoja hapa hapa Ngamiani, muuza samaki wa kukaanga. Asubuhi yuko Deep Sea kuchukua mzigo, jioni yuko barazani na karai lake. Mtaani kwao kila kaya ilikuwa inachangishwa hela ya taka, na gari la taka halionekani. Sisi wengine tulinung'unika. Yeye alinunua daftari. Akapita nyumba kwa nyumba akaandika: nani katoa, shilingi ngapi, tarehe gani, stakabadhi ipo au haipo. Zile zilizokuwepo akazibandika kwa gundi, ukurasa kwa ukurasa, na daftari zima likanuka mafuta ya samaki. Akaenda nalo kwenye mkutano wa mtaa, akasimama, akaomba mapato na matumizi yasomwe. Siku ile hayakusomwa. Lakini wiki iliyofuata gari la taka lilikuja, na taka zilizokuwa zimeziba mtaro zikaondoka. Wazee wa vyama vyote, na wasio na chama, wakamwambia: mwanangu, uchaguzi huu wa mitaa wa 2019 gombea wewe.

Akauliza, nagombea kwa chama gani? Akaenda chama cha kwanza, akaambiwa nafasi hiyo ina mwenyewe, asubiri miaka mitano. Akaenda cha pili, wakampokea na kumpa kadi siku hiyo hiyo. Sera za chama hicho hakuzijua, na wao hawakumuuliza kama anazijua. Akajaza fomu kwa herufi kubwa, taratibu, kila mstari anaurudia kwa kidole. Siku ya uteuzi jina lake halikubandikwa. Sababu? Jina la chama ameliandika kwa kifupi. Akakata rufaa, rufaa ikarudi na mstari mmoja wa kukataa. Na yule yule aliyekuwa akichangisha hela ya taka akapita bila kupingwa.

Mwaka ule nchi nzima chama tawala kilitangazwa kupata zaidi ya asilimia 99 ya mitaa na vijiji, baada ya wagombea wengi wa upinzani kuenguliwa na vyama vyao kadhaa kususa. Mimi kinachoniuma si chama gani kilipata. Kinachoniuma ni kwamba ule mtaa ulikuwa na mtu wake, unamjua kwa kazi yake, na haukuulizwa. Fomu ya dada yule ilikufa kwenye mstari ambao haukumhusu yeye wala majirani zake: mstari wa jina la chama. Utoeni mstari huo kwenye fomu, halafu niambieni wangemwengua kwa kosa gani.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, huo ni ubovu wa watendaji, usiisingizie sheria. Sikubali. Sheria ndiyo iliyoweka chama katikati ya mpiga kura na mtu anayemtaka. Ukishaweka kitu hapo katikati, katibu mmoja wa chama au karani mmoja anatosha kuwafutia watu elfu mbili chaguo lao.

Na msidanganywe kwamba hili ni jambo geni kwetu. Mwaka 1960, bendera ya Mwingereza bado inapepea, Tanganyika ilifanya uchaguzi wa viti 71. TANU ilichukua 70. Kile kimoja cha Mbulu alikichukua Herman Sarwatt, mwana-TANU aliyesimama binafsi dhidi ya mgombea rasmi wa chama chake, na wananchi wakampa. Nchi ilivunjika? Mwaka uliofuata tulipata uhuru! Kwa hiyo jambo hili liliwezekana chini ya mkoloni, na limetushinda tukiwa tunajitawala. Mwaka 1965 tukaingia rasmi chama kimoja, nafasi hiyo ikafutwa. Vyama vingi viliporudi 1992 haikurudishwa.

Mchungaji Christopher Mtikila akaenda mahakamani. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu akasema mgombea binafsi ni haki. Bunge likabadilisha Katiba kuizima hukumu hiyo. Mtikila akarudi, na 2006 Mahakama Kuu ikampa haki tena. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hili ni la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo haiko ng'ambo, iko Arusha. Juni 14, 2013 mahakama hiyo ikasema Tanzania imevunja haki za raia wake, irekebishe. Imerekebisha? Mwaka 2015 Mtikila akafariki. Mwaka 2019 serikali ikatangaza kuliondoa tamko lililokuwa linamruhusu mwananchi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Mtu ameshinda mara tatu, na mpaka leo fomu ni ile ile. Halafu tunaambiwa vijana hatufuati taratibu!

Wengine watasema, mgombea binafsi ataleta ukabila na udini, atavunja umoja. Hoja za umoja na Muungano serikali ilizipeleka Arusha, majaji hawakuzikubali. Vukeni hapo Horohoro muingie Lungalunga: Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 85, inamruhusu. Uganda wabunge binafsi wamejaa bungeni. Na huo ukabila, kwani mtu akishakata kadi ya chama unamtoka?

Wengine, atafanya nini peke yake bungeni? Atauliza hesabu, kama alivyouliza dada yule. Ndiyo kazi ya mbunge.

Wengine, jiungeni na vyama mbadilishe mkiwa ndani. Waliojiunga nawaheshimu, wapo humu, wanajua wanachopambana nacho. Lakini haki ya raia haifai kuwa zawadi ya kamati ya siasa.

Sasa Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu. Hapa naomba tutulie, kwa sababu kuna nyumba zilizofiwa. Chadema ilizuiwa kushiriki, mgombea urais wa ACT-Wazalendo alienguliwa, intaneti ikazimwa siku ya kura, vijana wakaingia barabarani, watu wakafa. Matokeo ya urais yakatangazwa, mgombea wa chama tawala karibu asilimia 98. Siungi mkono kuchoma mali ya mtu, na sitaki kumwona kijana mwingine anazikwa. Ila jiulizeni: chama kikifungiwa, mwanachama wake hana pengine pa kugombea, maana Katiba haimtambui bila chama. Matokeo yakitangazwa hana pa kulalamikia, maana ibara ya 41(7) inasema Rais akishatangazwa na Tume hakuna mahakama ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Anayemwambia kijana atulie afuate sheria amwonyeshe na sheria yenyewe anayotakiwa kuifuata. Mimi nimeitafuta.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Katiba mpya basi, kwa haraka: Tume ya Jaji Warioba, iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu Katiba mpya, ilimkubali mgombea binafsi kwenye Rasimu yake, Bunge Maalumu likamaliza kazi Oktoba 2014, kura ya maoni ikapangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa, haijapigwa mpaka leo. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ambayo 4 ni za vijana, nilikuwa na mengi. Na fidia za wenzetu waliopisha bomba la mafuta kuja Chongoleani. Hayo mtaniuliza.

Kazi niliyokuja kuwapa ni hii. Mbunge akija huku, msimwombe jezi wala mipira. Muulizeni: muswada wa kumruhusu mgombea binafsi ukiletwa, wewe kura yako ni ndiyo au hapana? Utahitaji theluthi mbili ya wabunge, kwa hiyo kura yake ni muhimu. Akianza kuwasimulia chama kilivyoasisiwa, msikilizeni kwa adabu, akimaliza rudieni swali. Andikeni jibu lake na tarehe, mlipeleke kwenye mkutano wa mtaa unaofuata lisomwe mbele ya watu. Nimewaachia Katiba tano pale mezani kwa katibu, chukueni mkapeane. Karibuni maswali, tuanze na kijana wa pale nyuma aliyenyoosha mkono tangu nilipomtaja Mtikila.