Waliobeba majeruhi ndio walioanza kubadilishana watoto

Wazee wangu shikamooni. Wadogo zangu mambo vipi. Asanteni kwa kuja na mvua yote hii, najua mliotoka Mbagala na Gongo la Mboto mmekaa foleni mpaka basi, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Ukitoka mlango wa ukumbi huu hapa Mnazi Mmoja ukavuka Lumumba uko Kariakoo, na jina hilo wengi mnajua limetokea wapi, ni Carrier Corps, wale wapagazi wa vita ya kwanza ya dunia waliochukuliwa vijijini wakabebeshwa chakula na risasi za jeshi la Mwingereza, wengi wakafa kwa maradhi hata bunduki hawajawahi kushika. Kambi yao ilikuwa hapo tunaponunua vitenge. Nimeanza na wao kwa sababu miaka ileile, huku wazee wetu wanabeba mizigo, kule Ufaransa kulikuwa na vijana wa Kimarekani wanabeba majeruhi, na hao ndio waliokuja kuzaa hili jambo la kubadilishana wanafunzi tunaloliongelea leo.

Ilikuwa 1915, Marekani yenyewe bado haijaingia vitani. Jamaa mmoja anaitwa A. Piatt Andrew, alishafundisha uchumi Harvard, alishafanya kazi wizara ya fedha ya kwao, akaacha mambo yake akaenda Paris kujitolea kuendesha ambulensi kwenye hospitali ya Wamarekani. Kufika akakuta magari yanazungushwa huku nyuma tu, mbali na wanakoumia watu. Akawafuata wakubwa wa jeshi la Ufaransa akawaomba magari yake yasogezwe mpaka karibu na mapigano, wakakubali. Na gari lenyewe ni Ford Model T, bodi ya mbao, dogo tu kama kirikuu, linaingiza watatu wakiwa wamelala kwenye machela au wanne wakikaa. Madereva wengi walikuwa wanafunzi wa vyuo. Mpaka jeshi la Marekani linaingia vitani 1917 na kuichukua kazi ile, walishapita kama 2,500. Jina likabaki American Field Service, AFS.

Vita ikaisha, wakatafuta hela za kusomesha vijana kati ya Ufaransa na Marekani, hapo ndo mbegu ya kwanza. Andrew akafariki 1936. Vita ya pili ilipoanza 1939 aliyekuwa msaidizi wake, Stephen Galatti, akaamsha tena ambulensi, safari hii zaidi ya watu 2,000, wakaenda Afrika Kaskazini, Italia, na Burma. Burma hapo naomba tusimame kidogo maana humu kuna wajukuu wa keya, babu zetu waliopelekwa na KAR, lile jeshi la Mwingereza la askari Waafrika, kupigana na Mjapani kwenye misitu ileile, matope yaleyale. Wengine wa AFS 1945 wakaingia Bergen-Belsen, kambi ya mateso ya Manazi huko Ujerumani, wakawa wanatoa watu waliobaki mifupa, wanawapakia, wanawapeleka hospitali.

Sasa fikiria wewe ni kijana wa miaka ishirini na kitu umetoka kuyaona hayo. Unarudi nyumbani unafanya nini? Wao mwaka 1946 walikutana New York na Galatti wao, wakajiuliza swali hilohilo, wakakubaliana wachukue watoto wa sekondari wa nchi mbalimbali waje Marekani wakae mwaka mzima kwenye nyumba za watu. 1947 wakaingia wa kwanza, 52, kutoka nchi 10. Na 1954 vijana wa Japani wakaanza kwenda, yaani miaka tisa tu baada ya Hiroshima kuna mama wa Kimarekani anamtandikia kitanda mtoto wa Kijapani. Mi hilo likinijia huwa nanyamaza kabisa.

Kwa nini sekondari, sio chuo? Kwa maoni yangu ni kwamba wa chuo anakaa hosteli, anapika indomi yake, anarudi kwao anaijua library na kituo cha basi. Mtoto wa miaka kumi na sita lazima awe na mtu wa kumuuliza umekula, mbona umechelewa. Ndo maana tangu mwanzo mzigo wote uko kwa familia mwenyeji, na ile familia hailipwi. Hailipwi jamani! Wanatoa kitanda na sahani na muda wao, basi.

Hapa Dar tumeushika upande mmoja tu. Kila wiki napigiwa simu, kaka mwanangu anaenda lini, viza inachukua muda gani. Sijawahi kupigiwa na mtu anauliza nani anakuja kulala kwangu. Na huko ndiko matapeli wanakopita, dada mmoja wa mtaani kwetu aliuza kiwanja akampa wakala hela yote, mtoto akafika kule hakuna hata wa kumpokea. Kabla hujatoa senti ulizia familia inayompokea mtoto, jina, wanakoishi, na uongee nao kwa simu mwenyewe.

Sisi tulipokea binti wa Denmark, nyumbani Temeke, vyumba vitatu tuko watu saba. Wiki ya kwanza anachukua sahani yake anaenda kula chumbani, mlango kafunga. Mama akaumia, akasema huyu chakula chetu hakimpandi, au kuna mtu kamkosea humu ndani. Siku ya nne mama akachukua sinia la mchele, akatandika mkeka pale pale mlangoni kwa yule binti, akakaa anachambua, hasemi kitu. Binti kufungua anamkuta, akakaa naye. Mama akamshika kidole akamwonyesha, hili jiwe, huu mchele, hii chuya. Walikaa pale mpaka kigiza. Baadae ndo tukajua kumbe kila siku alikuwa anatuona tumebanana mkekani, akadhani kutuachia nafasi ndo adabu. Toka siku hiyo alikula sinia moja na sisi, akiosha mkono kwenye jagi kama wengine, na alivyoondoka mama alikaa siku mbili hapiki wali.

Kwa hiyo wazazi wangu, fomu za wanaotaka kupeleka watoto ziko meza ya kushoto, nishaona kuna foleni. Meza ya kulia ni ya wanaoweza kupokea. Chumba kizima sio lazima, hata kitanda kwenye chumba cha binti yako kinatosha. Mama yangu ndo amekaa pale, yule mwenye khanga ya bluu. Muulizeni chochote.